Uzoefu wangu: nimehamisha redio orijino ya Nissan kuipeleka kwenye Toyota

Gari langu la kwanza lilikuwa Nissan, likachoka, nikaliuza kama skrepa, ila kabla halijavutwa nikang'oa redio yake iliyokuja nayo toka kiwandani. Siyo ya skrini, ni ile ya dabo dini (saizi yenye kimo mara mbili ya redio nyembamba za zamani) yenye sidi na nobu ya kuzungusha, sauti imetulia, unaiongeza bila kutoa macho barabarani. Toyota ninayoendesha sasa redio yake ilikuwa imekufa kabisa, nikasema si nina ya kwangu ndani, ya nini kununua nyingine.

Niseme mapema tu: redio naipa nyota tano, soketi za kuunganishia naipa moja nne na nyingine mbili, na mimi mwenyewe sijui nijipe ngapi maana nusu ya shida nimejitakia.

Tuanze na saizi kwa sababu kila mtu atakwambia dabo dini ni dabo dini. Ya kawaida uso wake una upana wa milimita 180 na kimo cha 100, sasa Toyota nyingi, hasa za kutoka Japani, tundu la dashibodi ni 200 kwa 100. Kwahiyo redio ya Nissan iliingia bila hata kupiga hodi, ikawa inacheza humo kama jino bovu, pembeni kuna uwazi wa milimita 10 huku na 10 kule. Kuna vipande vyembamba vya plastiki vinauzwa kwa ajili ya kuziba hapo, nimeweka, vimekaa poa, ukiangalia haraka huoni. Ukitaka kwenda kinyume, yaani ya Toyota ya 200 kwenye tundu la 180, hapo andaa msumeno na roho ngumu.

Vile vyuma vya pembeni vinavyoshika redio nilitumia vya Toyota, vina matundu mengi, mawili kila upande yakakubali. Skrubu zake fupi nilizipoteza nikataka kuweka ndefu nilizookota kwenye kopo langu la makorokoro, bahati nikazipima kwanza kwa jicho: ingepita bati na kwenda kugusa sakiti ndani. Nusu saa nzima nilikuwa chini ya siti natafuta zile fupi kwa tochi ya simu.

Haya, nyaya. Hapa ndo penyewe.

Jamaa yangu mmoja ambaye ameshafunga redio nyingi za dukani alinishauri nikate plagi ya gari, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, njano kwa njano, dakika kumi umemaliza. Kwenye redio za dukani yuko sahihi, njano ni moto wa kudumu (upo hata ukizima gari), nyekundu ni moto wa swichi (unakuja ukiwasha ufunguo), nyeusi ni athi (hasi). Lakini kwenye plagi ndogo ya Toyota, ile ya pini 6, rangi zote hizo tatu ni za spika za nyuma! Nyeusi na njano ni spika ya nyuma kushoto, nyekundu na nyeupe ni ya nyuma kulia. Moto wa kudumu upo kwenye plagi kubwa ya pini 10, waya wa bluu wenye mstari wa njano, moto wa swichi ni kijivu, athi ni kahawia. Yaani ningemsikiliza ningetafuta umeme kwenye spika. Sikukata kitu, nikaagiza soketi mbili, moja inapokea plagi za Toyota na nyingine inaingia kwenye tundu la pini 20 la redio ya Nissan, afu nikaziunga zenyewe kwa zenyewe mezani kwa risasi ya kuchomelea na kuvika mipira ya kuzuia shoti, nyaya za gari zimebaki kama zilivyotoka kiwandani.

Ya upande wa Nissan haina neno. Ya upande wa Toyota ndo niliyoipa mbili. Nilifunga, redio ikawaka, spika zote nne zinaimba, nikafurahi nikarudishia dashibodi yote mpaka klipu ya mwisho. Kesho yake nawasha gari, saa imerudi mwanzo. Naiseti, nazima, nawasha, imerudi mwanzo tena. Nikadhani redio imezeeka. Siku ya tatu nikafungua tena, nikatoa ufunguo, nikaweka mita ya umeme kwenye waya wa njano wa soketi: sifuri. Nikaweka kwenye nyekundu: volti 12.5. Kumbe kiwandani wamezivusha, njano wameipeleka kwenye moto wa swichi na nyekundu kwenye wa kudumu, kwahiyo nikizima gari tu kumbukumbu ya redio inakosa umeme. Dawa yake haikuhitaji kukata, ndani ya plagi kila pini ina kaulimi kadogo kanakoishika, unakabonyeza kwa kitu chembamba (mi nilitumia sindano ya kushonea) huku unavuta waya taratibu kwa nyuma, inatoka nzima, unazibadilishana mahali. Dakika tano. Ila zile za kufungua dashibodi mara ya pili nazidai.

Basi nikasema nimemaliza, nikatafuta stesheni. Kimya. Hii sasa ni ya kwangu mwenyewe, simlaumu mtu. Redio ni ya soko la Japani, FM yake inaanzia megahezi 76 na kuishia 90, wakati stesheni nyingi za huku ziko juu ya hapo, na miaka yote kwenye ile Nissan nilikuwa nasikia vizuri mpaka nikasahau kwamba nyuma ya redio, kwenye waya wa antena, kulikuwa na kiboksi kidogo cha ekspanda kinachoshusha masafa. Kiboksi kimeondoka na skrepa. Nimenunua kingine cha kushusha megahezi 14, kwahiyo stesheni ya 98.4 naipata kwenye 84.4, hesabu unaizoea. Shida ni kwamba hapo unapata za kuanzia 90 mpaka 104 tu, yoyote iliyo juu ya hapo sahau, na mojawapo ndo ilikuwa ya mpira.

Vitufe vya kwenye usukani havifanyi kazi, nilijua toka mwanzo na sijahangaika navyo. Taa za usiku zinawaka kwa sababu nilikumbuka kuunga ule waya wa kijani wa taa ndogo, ila redio inawaka rangi ya chungwa na dashibodi nzima ni kijani.

Ina miezi minne sasa, saa haijapoteza hata dakika, betri iko vizuri hata gari likilala siku tano. Mke wangu akipanda bado anabonyeza kitufe cha sauti kwenye usukani kila siku, afu ananiangalia.