Matembezi ya Mji Mkongwe, Unguja: mazuri, ila tumerukishwa daraja

Wajukuu zangu wawili wamekuja likizo kutoka Maskati, wakataka kutembezwa mjini na mtu anayejua. Mie mzaliwa wa Kikwajuni nikajiuliza, nalipia kuoneshwa nini? Nikatoa elfu sitini kwa watu watatu. Saa mbili na nusu kwa miguu, maji ya kunywa juu yao.

Kijana aliyetupeleka ana adabu, na goti langu bovu halikumkera. Mkunazini alieleza kwa utulivu kuwa kanisa lile, lililoanza kujengwa 1873, limesimama pale pale palipokuwa na soko la watumwa. Hakuigeuza habari ile kuwa mchezo kama wafanyavyo baadhi ya mapapasi, wale vijana wanaowaganda wageni njiani. Milango, baraza, Forodhani, sina neno.

Kasoro ni Darajani. Tulipofika akasema, "Hili soko ni la 1904," akatusogeza kwenye viungo. Mjukuu mdogo akauliza, "Bibi, daraja lenyewe liko wapi?" Kijana akacheka tu.

Jamani, si hapo hapo! Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo sisi wakubwa bado twaiita Krik Rodi, imepita palipokuwa na mkono wa bahari. Maji yakiingilia upande wa Funguni, yakashuka nyuma ya mji kuelekea Mnazi Mmoja. Bamvua likijaa, mji wa mawe ulikuwa karibu uwe kisiwa. Upande wa pili wakikaa watumwa na walioachwa huru, wachukuzi, wavuvi, mafundi, kwenye vibanda vya udongo na makuti. Ndiyo Ng'ambo hiyo. Kuja mjini kufanya kazi ni kuvuka daraja lililokuwa hapo Darajani, kurudi kulala ni kuvuka. Baadaye pakafukiwa kipande kwa kipande, hadi katikati ya karne iliyopita hapakuwa tena na maji. Kikwajuni kwetu ni Ng'ambo, na mie hadi leo nikivuka ile lami kwenda Mchangani nasema nakwenda mjini, na kutoka kwangu ni mwendo wa dakika chache!

Nilimweleza yote hayo tumesimama kwa muuza juisi ya miwa. "Ahsante, bibi," akasema, akaandika kwenye simu yake. Juisi nililipa mie.

Nyota nne. Mkimchukua, muulizeni habari ya daraja, mnambie kajibu nini.