Viungo vya kuongeza kwenye chakula cha broila wakati wa joto: kipi kinunuliwe kwanza

Kuanzia Septemba hadi mvua za vuli zinapokolea, banda lililoezekwa kwa bati Buhongwa, Igoma au Kisesa, mkoani Mwanza, huwa na joto kali kila alasiri, na broila wa wiki nne au tano, ambaye hana tezi za jasho, hubaki akihema mdomo wazi. Kuhema huko humpotezea kabonidayoksaidi nyingi na kuvuruga uwiano wa asidi katika damu, hamu ya kula hupungua, na ndani ya seli huzalishwa kemikali zinazoharibu tishu. Dondoo za mimea husaidia zaidi kwenye hilo la mwisho, pamoja na kulinda utumbo, hazimpoozi kuku. Muuzaji anayedai kwamba unga wake hushusha joto la mwili anapamba biashara. Kwa hiyo fedha za kwanza ziende kwenye madirisha ya wavu, maji safi yanayobadilishwa mara kwa mara na nafasi isiyobana zaidi ya kuku kumi kwa mita ya mraba, na vyombo vya chakula viondolewe tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, kwa kuwa kumeng'enya chakula nako huzalisha joto.

Baada ya hayo, ninaiweka tangawizi kavu nafasi ya kwanza. Haipatikani kwa shida, ubora wake unaweza kukaguliwa kwa macho na pua pale pale sokoni, na kiasi kinachohitajika ni kidogo: gramu 250 hadi 500 kwa mfuko wa kilo 50, yaani nusu asilimia hadi asilimia moja. Kuku 100 hula takriban mifuko minne katika wiki mbili za mwisho, ambazo ndizo za hatari zaidi, hivyo kilo moja au mbili zinatosha kundi zima. Nunua vipande vizima, si unga. Kivunje kimoja: kikatike kwa mlio, harufu ichome pua, na ndani pasiwe na weusi wala harufu ya unyevunyevu, maana hewa ya ziwani huotesha ukungu haraka, na sumukuvu katika chakula cha kuku ni hasara kubwa kuliko joto lenyewe. Changanya unga wake kwanza na kilo tano za chakula, ndipo umwage kwenye mfuko uliobaki. Ukiurushia juu juu tu, kuku watano watakula sehemu ya hamsini.

Nafasi ya pili ni binzari ya manjano, kwa kiwango kama hicho. Kurkumini, kiambato chake cha njano, hupambana vizuri na uharibifu wa seli, lakini hufyonzwa kwa shida tumboni. Pilipili manga kidogo sana huisaidia, na ukali wake usikutie hofu, kwa kuwa ndege hawausikii kama sisi. Kasoro yake kubwa iko sokoni, ambako unga wa binzari ni rahisi kuongezwa unga mwingine au rangi. Nunua vipande vizima uvitwange kwenye kinu nyumbani, kwa sababu mwenye mashine ya kusaga atakukatalia, na ana haki: mteja anayefuata ataondoka na sembe ya njano.

Majani ya mlonge ninayaweka ya tatu, ingawa kwa mwenye mti uani ni ya kwanza kwa gharama. Yakaushwe kivulini yabaki kijani, yasizidi asilimia tano ya chakula, kwani yakizidi hapo ukuaji unaweza kurudi nyuma. Kitunguu saumu ni cha nne. Ni kizuri zaidi kwa utumbo kuliko kwa joto.

Mafuta ya madukani ya oregano na thaimu, majani ya viungo yenye viambato vikali vya kavakroli na thimoli, yangekuwa juu kwa sababu nguvu yake ni ileile kila chupa, lakini bei yake haimfai mwenye kuku mia mbili. Ukiyanunua, hakikisha lebo inataja kiasi cha viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kabla ya kuyatia kwenye maji ya kuku, dondoshea matone machache katika glasi ya maji: yakielea kama duara za mafuta, ni ya kuchanganya kwenye chakula pekee.

Mwarobaini na shubiri mwitu sivipi nafasi kwa kazi hii. Uchungu humkatisha hamu kuku ambaye tayari hali vizuri, na utomvu wa njano wa shubiri huharisha, ilhali maji ya mwilini ndiyo anayoyahitaji zaidi. Na kuku anayehema alfajiri, wakati banda bado limepoa, hasumbuliwi na joto. Huyo aonwe na daktari wa mifugo kabla ya kununuliwa kiungo chochote.