Unataka kununua simu? Anza na mfumo na duka la aplikesheni, kamera baadaye (hii ndo orodha yangu, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho)

Mama mdogo wangu alinunua simu mpya kabisa, kioo kikubwa, kamera tatu nyuma, boksi bado lina nailoni yake, na hata mwaka haujaisha akanipigia amechanganyikiwa. Aplikesheni ya benki ilikuwa inafunguka sekunde moja halafu inamwandikia kwamba toleo la mfumo wake halikubaliki tena. "Mwanangu, simu yangu imeharibika?" Nikaenda, nikaingia Mipangilio, Kuhusu simu, toleo la Android, nikaangalia tarehe ya sasisho la usalama (marekebisho ambayo kampuni hutuma kuziba mianya ya mfumo), nikakuta ni ya miaka miwili kabla hajainunua. Yaani simu ilikuwa imeshazeeka ikiwa ndani ya boksi. Iliniuma sana kwa sababu pesa ile aliitafuta kwa muda mrefu, na muuzaji alimsifia kamera mwanzo mwisho bila kutaja hilo hata mara moja.

Ndo maana naandika hii. Watu wengi wakienda kununua simu wanauliza kamera ngapi, GB ngapi, chaji inakaa siku ngapi, na hayo yote yana maana, lakini kitu utakachoishi nacho kila siku ni mfumo endeshi na duka la programu lililounganishwa nao. Mfumo endeshi ndo unaobeba kila kitu ndani ya simu, unaamua nani anaruhusiwa kugusa kamera yako, meseji zako, mahali ulipo. Duka ndo mlango ambao aplikesheni zinaingilia. Simu nzuri yenye duka tupu haikusaidii, na hili tumeliona kwa macho: Windows Phone ilianza 2010, ilikuwa nyepesi na nzuri machoni, lakini watengenezaji wa aplikesheni hawakwenda kule, wanunuzi wakakosa wanachokitaka, watengenezaji wakazidi kukaa mbali, mpaka Microsoft wakaachana nayo. BlackBerry za zamani nazo huduma zake zilizimwa tarehe 4 Januari 2022, hata waliokuwa bado wanazipenda ikabidi waziweke kabatini.

Sasa kwenye kupanga hii orodha nimetazama mambo matatu: sasisho zitakuja kwa miaka mingapi, duka lina nini na linalindwaje, na mtu wa kawaida atahangaika kiasi gani. La kwanza nimelipa uzito kuliko mengine yote.

Namba moja kwangu ni Android kutoka kampuni iliyotangaza wazi miaka ya sasisho. Sijasema Android yoyote, nimesema iliyotangaza. Android msingi wake uko wazi, kampuni yoyote inaweza kuuchukua na kuubadilisha, ndo maana utakuta simu mbili zote zinaitwa Android lakini moja inapata sasisho kila mwezi na nyingine haijawahi kupata hata moja tangu izaliwe. Google kuanzia Pixel 8 ya 2023 waliahidi miaka 7, Samsung wakafuata na Galaxy S24 mwaka 2024, miaka 7 pia, na kitu kilichonifurahisha zaidi ni kwamba ahadi ndefu zimeanza kushuka mpaka kwenye simu za kawaida, mfano Galaxy A16 iliahidiwa miaka 6. Hiyo ni simu ambayo mtu hahitaji kujinyima sana kuipata.

Ila sikiliza hapa vizuri, maana wengi wanakosea: hiyo miaka inahesabiwa tangu simu ilipotoka sokoni, siyo tangu siku wewe uliyoinunua. Simu ya miaka 4 ya sasisho ukiinunua imeshakaa dukani miaka 3, umebakiwa na mmoja. Kwahiyo kabla hujalipa tafuta tarehe simu ilipotoka, jumlisha miaka iliyoahidiwa, toa mwaka tulionao, inayobaki ndo umri halisi unaoununua. Hesabu ya dakika mbili tu.

Duka la Android ni Google Play, lilianza 2008 likiitwa Android Market, likabadilishwa jina 2012. Lina kila kitu, na kwa sababu lina kila kitu basi na takataka zimo, japo ulinzi umeongezeka, kuna Play Protect inayokagua aplikesheni hata zile ulizozipata nje ya duka. Mwaka 2023 Google walizikataza aplikesheni za mikopo kugusa majina ya watu na picha zilizoko kwenye simu, na mtu yeyote ambaye ndugu zake waliwahi kutumiwa meseji za kudhalilisha kwa ajili ya deni lake anajua kwa nini katazo hilo lilihitajika.

Uzuri wa Android na hatari yake viko sehemu moja: inakuruhusu kusakinisha kutoka nje ya duka, yale mafaili ya APK (faili moja lenye aplikesheni nzima ndani yake). Kuna duka la F-Droid, lipo tangu 2010, lina programu huru peke yake, ambazo msimbo wake (maandishi yaliyoziunda) uko wazi kila mtu auone, mimi nalitumia na naliamini. Kuna Galaxy Store kwenye Samsung. Lakini APK uliyotumiwa kwenye grupu na mtu usiyemjua, ikakwambia ni toleo maalum la aplikesheni fulani lenye mambo ya ziada, usiiguse. Ukisakinisha itakuomba ruhusa ya kusoma SMS, na SMS ndo zinapopita namba za siri za benki, ukishakubali hapo umekabidhi ufunguo. Na hata duka la kampuni kubwa linaweza kufungwa, Amazon walifunga duka lao kwenye simu za Android Agosti 2025, kwahiyo vitu vya kulipia vinunue kwenye duka ambalo una uhakika utalikuta kesho.

Namba mbili ni iPhone, na kwa baadhi yenu itakuwa namba moja, sitabishana. Mfumo wake, iOS, uko kwenye simu za Apple peke yake, kampuni moja inatengeneza simu na mfumo, kwahiyo sasisho likitoka linatoka kwa wote siku hiyohiyo. Rekodi yao ya kutunza simu za zamani ni ya kuheshimika: iPhone 6s ilitoka 2015 na ikapata mpaka iOS 15 ya 2021, iPhone XR na XS za 2018 ziliishia iOS 18 na zikaachwa mwaka 2025. Hiyo inakupa kipimo cha kununua iliyotumika, kama unaangalia iPhone ya mtumba hesabu miaka kama 7 hivi tangu ilipotoka, ikiwa imebaki miwili au mitatu sawa, ikiwa imebaki miezi achana nayo hata kama inang'aa vipi.

App Store ilifunguliwa Julai 2008 ikiwa na aplikesheni 500 tu, na tangu hapo kila inayoingia inakaguliwa kwanza. Aplikesheni ya kawaida kwenye iPhone haiwezi kusoma SMS zako kabisa, mfumo hauna hiyo ruhusa ya kuomba, na kwa mzazi au mtu anayebonyeza "kubali" kila kinachotokea huo ni ulinzi mkubwa mno. Ubaya ni kwamba umefungiwa. Ukiacha sehemu kama Ulaya ambako sheria iliwalazimisha Apple kuruhusu maduka mengine mwaka 2024, mlango kwa watu wengi ni mmoja. Memori kadi hakuna, kwahiyo nafasi unayonunua siku ya kwanza ndo hiyohiyo mpaka mwisho, na iCloud ya bure (hifadhi ya mtandaoni ya Apple) ni GB 5 wakati Google wanatoa 15 (ingawa hizo 15 zinagawanywa kati ya barua pepe, mafaili na picha, zinajaa haraka kuliko unavyodhani). Nimewaweka namba mbili kwa sababu ya bei na kufungiwa, lakini ubora wa kazi yao hauna shaka.

Kitu kingine ambacho watu hawaambiwi, aplikesheni uliyolipia kwenye duka moja haihamii lingine. Ukitoka Android kwenda iPhone au kinyume chake, picha na majina vitahama, chati za WhatsApp zinahama pia ukifuata hatua zake, lakini manunuzi yako unaanza upya. Na maduka haya kwa kawaida yamekuwa yakichukua asilimia 15 mpaka 30 ya unacholipia huduma za kidijitali ndani ya aplikesheni, ndo maana saa zingine huduma ileile ya kila mwezi inakuwa nafuu ukilipia kwenye tovuti yao. Angalia kwanza kwenye tovuti.

Namba tatu, Android za bei ndogo, hasa zile zenye Android Go, toleo lililopunguzwa uzito kwa ajili ya simu zenye RAM kidogo (memori ya kufanyia kazi). Kwa kupiga, WhatsApp, kusoma habari, inatosha kabisa, na siwezi kumwambia mtu mwenye bajeti ndogo asinunue. Ila hapa ndo palipomkuta mama mdogo. Kampuni nyingi za daraja hili hazisemi chochote kuhusu sasisho, na ukimya huo uchukulie kwamba hakuna. Pia hapa ndo feki zinajaa, simu inaandikwa toleo jipya la Android kwenye Mipangilio na ndani ni la zamani kabisa. Kuikamata fungua Play Store, bonyeza picha ya akaunti juu kulia, ingia mipangilio halafu sehemu ya kuhusu, shuka mpaka Play Protect, ikisema kifaa hakijaidhinishwa mrudishie muuzaji papo hapo.

Namba nne, Huawei. Vifaa vyenyewe ni vizuri, kamera nzuri, betri nzuri, tatizo halikuanzia kwenye simu. Mei 2019 Marekani iliwawekea vikwazo, na tangu hapo simu zao mpya zinatoka bila Google Play. Wakajenga duka lao la AppGallery na mfumo wao HarmonyOS, na toleo la 2024 lilikata kabisa uhusiano na Android, halifungui aplikesheni zake. Nje ya China simu zao zimekuwa zikija na EMUI, mfumo wao mwingine, ambayo bado inafungua za Android ila huduma za Google hazimo. Kabla ya kununua andika kwenye karatasi aplikesheni kumi unazotumia kila siku, benki ikiwemo, utafute moja moja kwenye AppGallery. Zikikosekana mbili muhimu, usinunue ukitegemea fundi atakuwekea Google kwa njia za panya, sasisho moja tu linaweza kuvuruga kila alichofanya.

Namba tano ni KaiOS, zile za vitufe zenye intaneti kidogo. Ilikuwa inapanda, lakini 2024 WhatsApp iliondolewa kwenye duka lake kwa wanaoanza upya, na kwa wengi hiyo ndo ilikuwa sababu yenyewe ya kuinunua. Kama unataka simu ya kupiga na kupokea yenye chaji ya kudumu, sawa.

Nimeziacha nje LineageOS na GrapheneOS, mifumo iliyojengwa juu ya Android, hizo unazisakinisha mwenyewe, GrapheneOS inakaa kwenye Pixel tu, ni kazi nzuri ya watu wanaojali faragha lakini aplikesheni nyingine za benki zinazikataa. Ukiwa unajua unachofanya huhitaji orodha yangu.

Kama ni ya mtumba, iwe Android au iPhone, mwambie mwenye simu aondoe akaunti yake ya Google au ya Apple mbele yako, afute kila kitu, halafu uiwashe wewe mwenyewe mpaka ifike mwisho. Ikikuomba pasiwedi ya mwenye nayo wa zamani, usitoe pesa hata akuahidi atakutumia baadaye.

Mama mdogo tulimtafutia nyingine, safari hii hatukuangalia rangi wala kamera kwanza. Mwaka ambao sasisho zake zitakoma nimeuandika kwa kalamu ya wino kwenye kifuniko cha boksi, ndani, na analitunza boksi lile pamoja na risiti kwenye droo ya kabati.