Dakika tisini za kuchelewa: uzoefu wangu na huduma ya kushikilia malipo

Kwa karibu miaka miwili nimekuwa nikitumia huduma moja ya kushikilia malipo ya mauzo ya mtandaoni, mara nyingi kama mnunuzi, mara chache kama muuzaji. Nawapa nyota tatu kati ya tano. Zingekuwa nne kama wangeeleza mahali pa wazi kwamba siku wanazihesabu kwa saa gani na kuanzia tukio gani.

Kwa asiyeijua, mnunuzi analipa, pesa zinakaa kwao, muuzaji anatuma mzigo. Mzigo ukifika, mnunuzi ana siku tatu za kuukagua. Akiridhika anabonyeza kitufe cha kukubali. Asipobonyeza chochote mpaka siku tatu ziishe, ukimya wake unachukuliwa kuwa ni kukubali na pesa zinakwenda kwa muuzaji. Mpango huu una haki ndani yake, maana bila kikomo muuzaji angesubiri pesa zake hata mwaka. Shida ni pale kikomo chenyewe kinapobishaniwa.

Nilinunua lenzi ya kamera iliyotumika kutoka kwa mtu aliye nchi nyingine, saa nane nyuma ya kwangu. Ijumaa saa 11:40 jioni msafirishaji aliacha kifurushi mapokezi ya jengo ninamofanya kazi, akakisoma kwa mashine yake, na kwenye ukurasa wa kufuatilia mzigo likatokea neno "kimefikishwa". Mimi nilikuwa nimeshaondoka. Jumamosi na Jumapili jengo limefungwa. Jumatatu saa 2 asubuhi nilikichukua kifurushi, na saa 8 mchana, nilipopata nafasi ya kuielekeza lenzi kwenye mwanga, nikaona fangasi wametanda kama utando wa buibui baina ya vioo. Kwa lenzi, hilo si doa la kufuta kwa kitambaa. Fangasi hula tabaka linalopakwa juu ya kioo, na kuwatoa ni lazima lenzi ifunguliwe.

Saa 8:15 mchana nikamwandikia muuzaji kupitia sanduku la ujumbe la huduma hiyohiyo, nikaambatanisha picha mbili. Nikasubiri jibu kwa sababu niliona ni uungwana kumpa mtu nafasi ya kujieleza kabla ya kumshtaki. Hakujibu. Saa 1:10 usiku nikaenda kufungua malalamiko na kukuta kitufe hakipo. Palikuwa na maandishi tu: muda wa ukaguzi umekwisha, malipo yanaandaliwa.

Kichwani mwangu siku tatu zilikuwa Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Kwao zilikuwa saa 72 kamili tangu mashine ya msafirishaji ilipolia Ijumaa jioni. Nilikuwa nimechelewa dakika tisini.

Nilichukua muda kuupata mlango wa pili, fomu ya kupinga muda, iliyofichwa ndani ya kurasa za msaada. Pesa zilikuwa hazijatoka bado, na fomu ilizisimamisha palepale. Hilo nawashukuru kwa dhati. Kama zingekwisha kufika kwa muuzaji, nisingekuwa na la kufanya.

Kesho yake mabishano yakaanza. Muuzaji alisema sikumwandikia mchana, nilimwandikia alfajiri, na kwamba nabadilisha saa ili nijiokoe. Akatuma picha ya skrini yake: ujumbe wangu ulionyesha saa 12:15 asubuhi. Mimi nikatuma yangu: saa 8:15 mchana. Tuliandikiana maneno makali siku nzima, kila mmoja akiamini mwenzake amechezea picha, na sote wawili tulikuwa tunasema kweli. Seva, yaani kompyuta kuu ya huduma, huhifadhi wakati mmoja tu, kwa kawaida idadi ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za UTC, saa moja ya marejeo inayotumika dunia nzima, kisha simu ya kila mtu huutafsiri kwa saa za mahali alipo. Ilikuwa sekunde ileile. Kilichoniuma ni kwamba mhudumu wa kwanza wa huduma hii, mtu ambaye kazi yake ni migogoro ya watu walio mbali, hakuliona hilo. Aliandika kwamba "ushahidi wa pande mbili unapingana" akalifunga shauri.

Nilikata rufaa, safari hii bila picha za skrini. Niliomba waangalie rekodi yao wenyewe ya ujumbe ule, kwa UTC, na wailinganishe na rekodi ya msafirishaji, nayo kwa UTC. Msuluhishi wa pili alifanya hivyo. Ujumbe wangu ulikuwa umeingia saa tatu na dakika ishirini na tano kabla ya muda kuisha.

Muuzaji akageukia hoja nyingine: alikuwa amelala, aliusoma ujumbe baadaye, kwa hiyo hakuupata kwa wakati. Hoja hii si ya kijinga, na wanasheria wameshughulika nayo miaka mingi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2005 kuhusu mawasiliano ya kielektroniki katika mikataba ya kimataifa unasema ujumbe uliotumwa kwenye anwani aliyoiteua mpokeaji huhesabiwa umepokewa pale anapokuwa na uwezo wa kuuchukua, si pale anapoamua kuufungua. Mauziano yetu ya watu binafsi hayaingii katika mkataba huo, lakini niliutaja kama mfano wa namna ya kufikiri. Msuluhishi akakubali kwamba lalamiko la maandishi, lenye picha, lililoingia kwenye sanduku la huduma yenyewe kabla ya saa 72, ni lalamiko hata kama halikupitia kwenye kitufe. Nilirudisha lenzi kwa gharama yangu, nikarudishiwa pesa zote. Shauri zima lilichukua siku 11, ingawa wanaahidi jibu la kwanza ndani ya saa 48 na langu lilikuja siku ya tano.

Niseme pia upande ambao nilishindwa, na kwa haki. Mwaka uliopita niliuza kinasa sauti kwa ahadi ya kukituma ndani ya siku mbili. Nilichapisha lebo ya usafirishaji siku ileile ya oda, mfumo ukamwandikia mnunuzi "imetumwa", ila kifurushi nilikipeleka siku ya nne. Mnunuzi alidai nimechelewa nami nikamwonyesha tarehe ya lebo. Msuluhishi alisoma tarehe ya msafirishaji kupokea mzigo, akampa mnunuzi haki ya kughairi. Lebo ni karatasi tu, na kifurushi kilikuwa bado mezani kwangu. Ila mfumo ndio ulioandika "imetumwa" kabla ya kitu kutumwa, na hadi leo unaandika hivyo.

Nimelinganisha na wengine kabla ya kuamua kama nibaki. PayPal inampa mnunuzi siku 180 tangu siku ya malipo kufungua mzozo, lakini akishaufungua ana siku 20 za kuupandisha kuwa dai rasmi, la sivyo unajifunga. eBay kwa kawaida inatoa siku 30 tangu mzigo kufika au tangu tarehe ya mwisho uliyotarajiwa kufika. Huko saa moja na nusu haiwezi kukuangusha kirahisi. Siku tatu ni chache mno kiasi kwamba swali la zinaanza lini linakuwa swali lote.

Jibu bora la swali hilo nimeliona katika agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2011 kuhusu haki za watumiaji. Mnunuzi wa mtandaoni, akinunua kwa mfanyabiashara, ana siku 14 za kughairi, na kwa bidhaa ya kushikika zinaanza pale yeye, au mtu aliyemteua mwenyewe asiyekuwa msafirishaji, anapokuwa na mzigo mkononi. Tena kwa kanuni zao za kuhesabu muda, siku ya tukio lenyewe haihesabiwi. Kwa hesabu hiyo, mapokezi ya jengo nisiyoyateua yasingeanzisha saa yangu Ijumaa jioni.

Nimewaandikia huduma hii maombi mawili. La kwanza, badala ya "siku 3" waonyeshe tarehe na saa kamili ya mwisho, kwa saa za mnunuzi na za muuzaji kando kwa kando, tangu dakika mzigo unaposomwa umefika. La pili, ujumbe wenye malalamiko na picha usimamishe malipo wenyewe mpaka mtu ausome. Wamenijibu kwamba wamepokea maoni yangu.

Nimebaki nao kwa sababu rekodi zao ni kamili na msuluhishi wa pili alizisoma kwa uangalifu. Ila sasa kabla ya kulipa namwandikia muuzaji kwenye sanduku lao: tutahesabu ukaguzi tangu nitakapotia saini kupokea mzigo, siku hiyo haimo, na mwisho ni saa fulani kwa UTC. Wauzaji watatu wamekubali bila neno. Mmoja alikataa, sikununua kwake.