Sanamu ya kichwa kutoka picha ya pasipoti: sura imepatikana, masikio bado

Kazi iliyoagizwa ni sanamu ya kichwa na mabega ya marehemu, saizi halisi, kutoka karakana moja ya Dar es Salaam.

Walichofanya vizuri zaidi ni kudai picha ya upande kabla ya kugusa udongo. Picha ya mbele haikuambii pua imetokeza kiasi gani, na kamera iliyosogezwa karibu mno huikuza pua na kuyapunguza masikio. Familia isipokuwa nayo, huomba ndugu anayefanana na marehemu aje kukaa kama kielelezo. Vipimo huanzia machoni: mboni hadi mboni, mtu mzima ana takriban milimita 63, na uso wote hupigiwa hesabu hapo.

Kiunzi, yaani mifupa ya ndani inayoshikilia udongo, ni bomba na waya wa alumini, pamoja na vipande vya mbao vilivyoning'inizwa ndani ya kichwa. Bila hivyo udongo hushuka kwa uzito wake, shingo ikanenepa.

Mboni zimechimbwa ili kivuli kifanye kazi ya weusi, na macho yanakutazama kweli. Dosari ni masikio: sanamu ya mwisho ni ya faiba (nyuzi za kioo na resini), iliyopakwa ndani ya kalibu, yaani umbo tupu la plasta lililochukuliwa juu ya udongo; faiba hiyo ilinasa hewa kwenye kona nyembamba za kalibu, ikatoka na matundu. Yamezibwa kwa puti na kupakwa rangi ya shaba, lakini ukisogea unayaona. Kwa kazi ya kulipiwa, hilo halikubaliki.

Kagua sanamu ikiwa bado udongo, ukiizunguka na taa ya pembeni. Kalibu ya plasta ikishafunguliwa udongo umeharibika, na kila marekebisho ni kukwangua faiba, yaani pesa nyingine.