Darasa la Gitaa la Besi, Kirumba: Sikio Limetendewa Haki, Nadharia Bado

Wapiga besi wengi wa Mwanza hujifunzia kanisani au kwenye bendi, kwa kutazama mikono ya mpiga ridhimu, yaani mpiga gitaa la kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), na kumfuata. Darasa dogo ninalohudhuria Kirumba huanza kwa kuiondoa tabia hiyo, na kwa hilo peke yake linastahili sifa. Mwanafunzi huketishwa mahali asipoona mikono ya mtu, ridhimu hupigwa, naye hutakiwa kuimba noti ya chini kwa mdomo kabla hajagusa uzi wowote.

Faida ya zoezi hili huonekana siku mpiga ridhimu anapofunga kapo, kibanio kinachobana nyuzi za gitaa ili sauti ipande. Akiifunga kwenye freti (kigawanyo cha shingo la gitaa) ya 3 na kushika umbo la kodi ya C, sauti inayotoka ni E flati, kwa hiyo mpiga besi anayesoma mikono atapiga C na kuuharibu wimbo, ilhali anayesikiliza atakuwa ameshaipata kii, yaani sauti ya msingi ya wimbo, kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Kanisani hata kapo haihitajiki, kwani mwimbishaji huanzisha pambio kwa sauti inayomkaa, wala hamwarifu mtu.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema kwamba kwa mpiga besi sikio linatosha. Hao hupenda kumtaja Paul McCartney wa Beatles, ambaye amesema wazi kwamba hasomi nota, yaani muziki ulioandikwa. Lakini kusoma nota ni sehemu moja tu ya nadharia, na kwa kazi zetu za hapa si sehemu ya kwanza kwa umuhimu. Sehemu inayolisha ni kujua kodi zinavyohusiana. Nyuzi 4 za besi, yaani E, A, D na G, zimepishana kwa umbali ulio sawa, kwa hiyo Do ikiwa kwenye uzi wa A, freti ya 3, Fa itakuwa freti hiyo hiyo kwenye uzi wa D, na Sol freti hiyo hiyo kwenye uzi wa E. Anayelijua umbo hilo hababaiki mwimbaji anapopandisha kii katikati ya wimbo. Husogeza mkono wote na kuendelea. Waliokulia kwenye kwaya na solfa wanao tayari nusu ya elimu hii, isipokuwa hawajaonyeshwa inakaa wapi kwenye gitaa.

Hapo ndipo darasa linaponisikitisha. Somo la kodi lilimalizwa kwa kipindi kimoja, wanafunzi wakinakili ubaoni huku magitaa yakiwa yameegemezwa ukutani. Mmoja wetu aliuliza kwa nini kodi ya Do ikipigwa na noti ya Mi chini yake husikika kama inayosukuma kwenda Fa. Sikio lake lilikuwa limefanya kazi yake barabara, na kilichobaki kilikuwa kumwonyesha kwamba kutoka Mi hadi Fa ni hatua ya freti moja tu, tena aipige mwenyewe. Swali liliahirishwa, na mpaka sasa halijajibiwa.

Jambo jingine ni vifaa. Mazoezi ya kusikiliza hupigwa kwa spika ndogo ya simu, na uzi wa E wa besi ukiachwa wazi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, kiwango ambacho spika ya namna hiyo haiwezi kukitoa. Mwanafunzi husikia sauti za juu zinazoambatana na noti badala ya noti yenyewe, kisha huambiwa sikio lake ni zito, jambo ambalo si haki.

Kwa mpiga besi wa kwaya au wa bendi changa, bado ninalipendekeza darasa hili, hasa kwa miezi ya mwanzo. Ada hulipwa kwa mwezi na mwalimu ana subira nyingi. Aendaye achukue spika za masikioni zilizo nzuri, na siku ya somo la kodi aombe kushika gitaa lake.