Cherehani ya kuanzia kushona mifarishi: kagua tundu la bamba kabla ya kuuliza bei

Malalamiko ya wasomaji yamezidi, na yote yanafanana. Mtu anataka kushona mfarishi, yaani tandiko la vipande vya kitambaa lenye tabaka tatu. Ananunua cherehani mpya, anakata vipande vyake vya kitenge kwa uangalifu, anaviweka viwili uso kwa uso, anaanza kushona. Mshono haujafika hata inchi moja, kona ya kitambaa imeshavutwa chini ya sindano na uzi umejifunga fundo kwenye bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Anachomoa, anaanza upya, kona inaliwa tena. Akirudi dukani anaambiwa hajui kushona.

Anajua. Cherehani aliyouziwa haifai kwa kazi aliyoitaja, na muuzaji alikuwa na nafasi ya kumwambia hivyo kabla ya kupokea hela.

Ninawafundisha wanaoanza kushona mifarishi, na naweza kusema bila wasiwasi kwamba kinachowakatisha wengi tamaa ni tundu. Inua mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa, tazama bamba la chuma lililo chini ya sindano. Utaona nafasi ambayo sindano huingilia. Katika cherehani za mshono mnyoofu tu, hilo ni tundu dogo la duara, sindano inapita na kubakiza nafasi kidogo sana. Katika cherehani za zigizagi ni mwanya mrefu wa kwenda kulia na kushoto, milimita 5 hadi 7, kwa sababu sindano lazima ipate pa kuyumbia. Ukishona gauni huuoni ubaya wake, maana kitambaa ni kipana na kinajishikilia chenyewe. Ukishona kipande cha pembetatu chenye ncha nyembamba, ncha ile haina kitu cha kuishikilia kutoka chini. Sindano ikishuka inaisukuma mwanyani, na uzi wa chini unaifunga hukohuko.

Sasa ongeza robo inchi. Mishono ya mfarishi hukaa robo inchi kutoka ukingoni, yaani milimita 6.35, wakati nguo za kawaida fundi huachia nusu inchi au zaidi. Ndiyo maana ukingo wa kitambaa uko karibu sana na mwanya ule. Na robo inchi haina msamaha. Chukua safu ya vipande 8, ina mishono 7. Kila mshono ukizidi kwa milimita 1 tu, vipande vya pande zake mbili vimepoteza milimita 1 kila kimoja, kwa hiyo mshono mmoja umekula 2 na safu nzima imepungua milimita 14. Safu inayofuata ukaishona sawasawa, hazitakutana. Mwanafunzi atavuta kitambaa zikutane kwa nguvu, na mfarishi utakunjamana hata ukiupiga pasi mara ngapi.

Basi sitapoteza muda kuhesabu mishono ya mapambo. Cherehani yenye mishono mingi iliyochorwa kwenye kasha inawavutia wengi, lakini mfarishi wa kwanza unahitaji mshono mmoja: mnyoofu.

Nafasi ya kwanza: Butterfly ya kukanyaga

Sifichi, hii ndiyo ninayoipenda na ndiyo ninayomwekea kila anayeanza. Kichwa cheusi cha chuma, kinatoka China, kimejengwa kwa umbo la Singer ya daraja la 15, aina iliyozoeleka kwa mafundi wetu tangu zamani. Inashona mshono mnyoofu tu. Tundu lake la bamba ni dogo na la duara. Kona ya pembetatu inapita juu yake bila kuzama.

Kukanyaga kunampa mwanafunzi kitu ambacho mota ndogo nyingi hazimpi, nacho ni kuanza taratibu. Mguu ukisita, sindano inasita. Anaweza kushona mshono mmoja, akasimama, akanyoosha kitambaa, akashona mwingine, na mikono yote miwili ipo huru. Ile ya kuzungusha kwa mkono simshauri anayeanza, kwa sababu mkono wa kulia unakuwa kwenye gurudumu na wa kushoto peke yake hauwezi kuongoza vipande viwili. Siku za kwanza kukanyaga kutamsumbua, gurudumu litarudi nyuma na kukata uzi. Mwache akanyage bila uzi wala kitambaa, akiinua mguu wa cherehani juu, mpaka gurudumu liwe linamzungukia upande wake kila mara. Ni zoezi la jioni chache. Umeme ukikatika kazi haisimami, na akitaka mota baadaye kichwa hichohicho kinafungwa mota ndogo pembeni.

Ukienda kununua, chukua yenye wenzo wa mbele unaorudisha mshono nyuma. Zipo nyingine zenye skrubu ya kupangia urefu wa mshono peke yake, hizo hazirudi nyuma. Stendi nayo itikise kwa mikono miwili. Stendi nzito za chuma cha kumiminwa zimekuwa adimu, zinaletwa za mabomba membamba zinazocheza, na bei haijapunguzwa hata kidogo. Hili linaniudhi sana. Kichwa ni kilekile, chini wameweka kitu chepesi, mteja analipa vilevile.

Udhaifu wake niuseme pia. Haina zigizagi, kwa hiyo vitambaa vinavyovutika na vitundu vya vifungo si kazi yake. Mwenye ndoto ya kushona fulana na suruali za michezo atahitaji nyingine.

Nafasi ya pili: Singer nyeusi iliyotumika

Ukiipata nzima, ni sawa na Butterfly na pengine inazunguka kwa wepesi zaidi. Ninaiweka ya pili kwa sababu moja, bobini. Fungua kifuniko utazame. Bobini ya duara ya daraja la 15 ndiyo hiyohiyo ya Butterfly, utaipata kila duka la vifaa vya ushonaji. Ukikuta bobini nyembamba ndefu inayokaa ndani ya kikasha chenye umbo la mtumbwi, hiyo ni ya zamani zaidi. Inashona vizuri, lakini vipuri vyake vitakuhangaisha. Kuna nyingine ya duara inayowekwa kwa juu, ni ya daraja la 66, na haibadilishani na ya 15 hata kama kwa macho zinakaribiana. Wauzaji wanazichanganya kwenye kopo moja. Nenda na ya kwako mfukoni, uilinganishe.

Zungusha gurudumu kwa mkono polepole. Ukisikia linakwama mahali palepale kila mzunguko, usikubali maneno ya "ni mafuta tu".

Nafasi ya tatu: Janome au Brother ya nyumbani

Hizi za Kijapani ni cherehani nzuri, na kwa mtu anayetaka kujaribu kila kitu, mifarishi leo, mikoba kesho, nguo za mtoto keshokutwa, zinamfaa kuliko Butterfly. Kati ya mbili hizi ningechukua Janome ya kawaida isiyo na skrini, kwa kuwa mwendo wake wa kuanzia ni wa polepole. Lakini zote ni za zigizagi, na zote zina ule mwanya.

Kwa baadhi ya modeli liko bamba la mshono mnyoofu linalouzwa peke yake, lenye tundu dogo. Uliza kabla ya kulipa, na ukilipata, kumbuka kulitoa kabla ya kuchagua zigizagi, la sivyo sindano itagonga chuma na kuvunjika. Bila bamba hilo kuna njia mbili. Ya kwanza, sogeza sindano kushoto kabisa ikiwa cherehani inaruhusu. Upande mmoja wa kitambaa utapata pa kuegemea, ila kipimo chako cha robo inchi kitahama, upime upya. Ya pili ndiyo ninayowafundisha wote: usianze kamwe kwenye kipande chenyewe. Anza kushona juu ya kitambaa chakavu kilichokunjwa, kisha bila kukata uzi ingiza kipande chako nyuma yake, na kingine, na kingine. Vyote vinatoka vimefuatana kwa uzi mmoja, unavikata mwishoni. Kona haziliwi na uzi unaokoka.

Hapa niwaonye kuhusu zilizotumika kutoka nje. Cherehani iliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani inataka volti 100. Aliyokutumia ndugu kutoka Marekani inataka 110 hadi 120. Umeme wetu Tanzania ni volti 230, Kenya 240. Ukichomeka moja kwa moja, mota inaungua, na ikiwa ni ya kompyuta basi na kadi yake imekwenda. Ubao mdogo wa namba upo karibu na swichi au chini ya cherehani, usome. Mmoja wa wanafunzi wangu aliuziwa ya volti 100 Kariakoo bila kuambiwa neno. Iliungua siku ya kwanza, na aliporudi alioneshwa maandishi ukutani: bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Mtu aliyeweka akiba ya miezi ameonyeshwa ukuta. Muuzaji anajua kusoma namba ile kuliko mteja, na kunyamaza kwake nakuhesabu ni wizi.

Nafasi ya nne: Juki ya kiwandani na zinazofanana nayo

Tundu dogo, mshono mzuri kuliko zote nilizozitaja, na nafasi pana ya mkono ambayo utaishukuru siku ya kupitisha mfarishi mzima chini ya sindano. Kwa fundi sina neno. Kwa anayeanza, mwendo ni tatizo. Juki DDL-8700 inaweza kufika mishono 5,500 kwa dakika, na mwanafunzi anayegusa pedali kwa woga anajikuta ameshamaliza kipande na ameingia kwenye kidole. Ukiamua kuinunua, nunua yenye mota ya servo inayopangiwa mwendo, siyo mota ya klachi inayonguruma muda wote. Sindano zake ni DBx1, za Butterfly na za nyumbani ni HAx1. Usikubali kuambiwa zinaingiliana.

Zile ndogo za plastiki

Za kubebwa mkononi na za betri, hapana. Tabaka tatu za mfarishi zinazishinda.

Vya kununua pamoja nayo

Mguu wa robo inchi, ambao ukingo wake uko robo inchi kutoka kwenye sindano, upo, na ule wa shina fupi unaingia kwenye Butterfly na kwenye Janome na Brother nyingi za nyumbani. Ninakerwa na bei yake madukani, kwa kipande cha chuma cha ukubwa wa kidole. Ukishindwa, chukua karatasi ya daftari la hesabu, chora mstari robo inchi kutoka ukingoni, shusha sindano juu ya mstari, kisha bandika utepe wa gundi kwenye kitanda cha cherehani kufuata ukingo ule. Umepata kiongozi. Sindano namba 80/12 au 90/14 zinatosha kwa kitenge cha pamba.

Kitambaa cha kujifunzia kisiwe cha dukani. Nenda kwa fundi wa mtaani kwako, muombe mabaki ya vitenge, wengi huyatupa. Chagua ya pamba. Vuta nyuzi chache uzichome: pamba inaacha majivu laini, poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Poliesta inateleza na haikubali pasi kali, na siku hizi inauzwa Mtaa wa Uhuru kwa jina la pamba, mchana kweupe. Katikati, badala ya pamba ya kujazia ambayo ni ghali na haipatikani kila mahali, tumia blanketi jepesi la zamani lililofuliwa.

Kazi ya kwanza iwe foronya ya mto wa sebuleni. Kata vipande 16 vya inchi 5 kwa 5, panga vinne kwa vinne. Mishono ikiwa ya robo inchi sawasawa, utapata mraba wa inchi 18 na nusu kabla ya kufunga pembeni. Upime. Ukipungua, rekebisha kiongozi chako kabla ya kukata kitambaa cha kazi nyingine. Baada ya hapo, kishikio cha sufuria kwa kuzoea tabaka tatu, kisha mkoba, kisha mfarishi wa mtoto mchanga.

Ukifika dukani, nenda na vipande viwili vya pembetatu vya kitenge na uzi wako. Mwambie muuzaji unataka kuvishona hapohapo, ukianzia kwenye ncha. Akikukatalia, au akimgeukia mwanaume uliyefuatana naye kumweleza mambo ya cherehani yako, ondoka. Maduka ya vifaa ni mengi, Kariakoo, Biashara Street ya Nairobi na ya Mombasa. Na nyinyi wenye maduka mnaosoma hapa, agizeni mabamba ya mshono mnyoofu. Nimeyaulizia kila duka ninaloingia, najibiwa hayana wateja, wakati wateja wake ndio hawa wanaorudishiwa cherehani zao na kuambiwa hawajui kushona.